Kipande cha Nondo kutoka Njinjo

Kwenye kikopo cha mafuta ya mgando ambacho baba yangu mdogo anakiweka juu ya kabati kule Njinjo, kuna vitu vitatu: kadi ya zamani ya kupigia kura, pete isiyomtosha tena, na kipande cha nondo. Kipande hicho kina urefu wa sentimita mbili hivi. Upande mmoja umesuguliwa ukawa mviringo, upande wa pili umebonyea. Ukikikuta barabarani unakiruka tu. Baba mdogo hakitupi kwa sababu kilitolewa kwenye bega la nyati aliyemvunja paja mwaka wa mvua za El Niño.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mto Matandu ulikuwa umefurika, barabara ya kwenda Nangurukuru imekatika, na watu waliokuwa na mashamba ng'ambo walisubiri maji yapungue ndipo wakaangalie mpunga umebaki kiasi gani. Baba mdogo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alitoka asubuhi na panga lake. Nyati alikuwa amelala kwenye matete, peke yake, na nyati aliyelala peke yake karibu na njia ya watu ni wa kuogopwa kuliko kundi zima. Hakutishia, hakukoroma. Alitoka tu. Siku mbili baadaye askari wa wanyamapori walimfuata wakamuua, na walipokuwa wanamchuna wakakuta bega la kushoto limeoza, funza wamejaa, na ndani kabisa, kwenye mfupa, kile kipande cha nondo. Kuna mtu alikuwa amempiga kwa gobore siku kadhaa nyuma, akaenda zake. Mtu huyo hajulikani mpaka leo, au anajulikana na watu wameamua kunyamaza. Kijijini mambo hayo mawili hayana tofauti kubwa.

"Aliyenivunja mguu si mnyama," baba mdogo huniambia. "Ni yule aliyeanza kazi asiimalize."

Nimeisikia sentensi hiyo tangu nikiwa mtoto. Mwaka jana nilikiazima kile kipande, nikaja nacho Dar, nikampelekea sonara mmoja wa Kariakoo anipimie. Alinitazama mara mbili. "Hii si dhahabu, kaka." Nikamwambia najua. Mizani ikasema gramu 31.

Sasa, kuna kitu wawindaji wa kisasa wanapenda kukitaja, nacho ni nishati ya risasi. Kwenye maboksi ya risasi na kwenye vitabu vya wauzaji utakuta jedwali: uzito, kasi, nishati. Hesabu yake tulifundishwa sekondari, kwa Kiingereza, na wengi wetu tuliikariri bila kuielewa: nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Kwa kuwa kasi inaingia mara mbili, ukiiongeza kidogo tu namba inapaa. Na namba ikipaa, risasi inauzika. Mwaka 2019, wakati naandika habari za kugawanywa kwa Pori la Akiba la Selous, niliwahi kukaa meza moja na mwindaji bingwa wa kizungu pale Dar. Nilimuuliza kwa nini bunduki yake ni kubwa vile, akanijibu kwa jouli. Jouli elfu sita na ushei. Alizitaja kama mtu anayetaja mshahara.

Nikafanya hesabu ya baba mdogo. Tuseme kile kipande kilitoka mtutuni kwa mita 300 kwa sekunde, na hapo nimekikirimu, maana baruti ya kutwangwa nyumbani haitabiriki. Gramu 31 kwa kasi hiyo ni jouli kama 1,400. Risasi ya bastola ya milimita tisa ina jouli 500 hivi. Kwa hiyo, kwa makaratasi, gobore la yule asiyejulikana lilikuwa na nguvu karibu mara tatu ya bastola. Na bado nyati alitembea nalo siku kadhaa, akala, akanywa maji ya Matandu, akalala kwenye matete akimsubiri baba mdogo. Nguvu hiyo yote ilikwenda wapi?

Jibu linatuhitaji turudi nyuma sana, na kwa bahati nzuri huku kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Njinjo iko kwenye njia ya zamani ya kutoka pwani kwenda bara. Kilwa Kivinje katika karne ya 19 iliishi kwa vitu viwili, watumwa na pembe za ndovu, na vyote viwili vilipita kwenye mabonde haya. Bunduki nazo ziliingia kwa njia hiyohiyo ila kwa mwelekeo wa pili. Miaka ya 1880 makumi ya maelfu ya bunduki yalikuwa yakipita Zanzibar na bandari za pwani kila mwaka, nyingi zikiwa makuukuu ya majeshi ya Ulaya. Wawindaji wa tembo waliojulikana kama mafundi walizijua hizi bunduki kwa undani kuliko waliozitengeneza. Fundi alijua kwamba gobore ni silaha ya hatua kumi, si ya hatua mia. Alijua pia kwamba huwezi kumpiga tembo popote ukategemea ukubwa wa kishindo.

Chukua mfano wa goroli ya risasi tupu ya gramu 50. Upana wake ni milimita 20 hivi. Ikitoka kwa mita 330 kwa sekunde inabeba jouli kama 2,700. Shika hiyo namba, tutaihitaji.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi, na ndani ya miaka michache dunia ya bunduki ikapinduka. Risasi zikawa nyembamba, ndefu, za kasi, zimevikwa koti la chuma au shaba. Frederick Courteney Selous, ambaye jina lake lilikuja kubandikwa kwenye pori letu, alianza kazi kusini mwa Afrika miaka ya 1870 na bunduki ya kushindilia iliyotupa goroli ya robo ratili, gramu 113, na mwenyewe alilalamika kwamba mateke yake yalimharibia ulengaji kwa maisha yake yote. Baadaye akahamia bunduki nyembamba na akazipenda. Tarehe 4 Januari 1917 aliuawa kule Beho Beho, na kilichomuua kilikuwa risasi moja ndogo ya kijeshi kichwani. Silitaji hilo kwa kejeli.

Lakini mtu aliyeuleta ubishi wenyewe mezani ni Mskoti, Walter Dalrymple Maitland Bell, aliyewinda Karamoja na maeneo ya mpaka wa Uganda na Kongo mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja. Sitamsifia kwa hilo. Namleta hapa kwa sababu wengi wa tembo hao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, risasi ya gramu 11 kwa mita 700 hivi kwa sekunde. Fanya hesabu: jouli kama 2,700. Ni ileile namba ya goroli ya gramu 50! Na wakati huohuo wazungu wenzake walikuwa wanabeba bunduki za .577 zenye jouli 9,500, mikono ikitetemeka kwa kuogopa teke.

Bell alimpasua tembo kichwa kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Ukitazama kichwa cha tembo kwa mbele unaona ukuta. Ndani, sehemu kubwa ya ukuta huo ni mfupa wenye matundu kama sega la asali, na ubongo umejificha nyuma kabisa, katikati ya matundu mawili ya masikio. Bell aliona kwamba anachohitaji ni kitu chembamba, kirefu, kigumu, kisichopinda wala kupasuka, kitakachopita kwenye lile sega na kufika. Goroli ya gramu 50 ina nishati hiyohiyo lakini inaitawanya kwenye uso mpana mara nane. Ni kama kusukuma sindano na kusukuma kidole kwa nguvu ileile kwenye gunia la mpunga. Kidole hakiingii.

Waliomuiga Bell bila kujua anatomia waliwajeruhi wanyama wengi, na baadhi yao wakazikwa. Hapo ndipo sheria nyingi za Afrika zilipokuja kuweka kiwango, na .375 ikawa ndiyo bunduki ndogo kuliko zote inayokubalika kwa wanyama wa hatari. Sidhani kwamba wanasheria walimpinga Bell. Walijua tu kwamba wateja wengi si Bell, na kwamba mtu anayekosea kidogo anahitaji risasi nzito ya kumsaidia kuvunja mfupa alioukosea.

Mwaka 1948 mwindaji mwingine, John Taylor, mzaliwa wa Dublin aliyeishi zaidi upande wa pili wa Ruvuma, huko Msumbiji, alichapisha kitabu kuhusu bunduki za Afrika. Alikasirishwa na majedwali ya nishati. Akatunga kipimo chake: uzito mara kasi mara upana wa risasi. Kasi haizidishwi mara mbili, na upana unapewa heshima yake. Kwa kipimo hicho .577 inapata karibu 128 na bunduki ya Bell inapata 16. Watu wakalikimbilia jedwali jipya kama walivyolikimbilia la zamani. Ila Taylor alikuwa ameandika kitu mahususi: kipimo chake kilihusu tembo aliyepigwa kichwani risasi ikaukosa ubongo kwa karibu, ni kwa muda gani atazimia kabla hajaamka. Tembo aliyepigwa ubongo wenyewe hana haja ya kipimo. Kumi na sita au mia na ishirini na nane, amekufa.

Wapo wanaoamini kwamba risasi kubwa "inamwangusha" mnyama kwa kumsukuma. Sinema zimetuharibu. Msukumo unaoingia kwa mnyama hauwezi kuzidi ule uliompiga mwenye bunduki begani, fizikia haikubali. Ile risasi ya .577 ikikaa yote ndani ya tembo wa tani tano, inaweza kumsogeza kwa kasi ya milimita sita kwa sekunde. Konokono hashindani nayo, lakini karibu. Mnyama huanguka kwa sababu damu imeacha kufika kwenye ubongo, au ubongo na uti wa mgongo vimeguswa, au mfupa unaombeba umevunjika. Basi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani wakaugeuza ubishi. Roy Weatherby wa California alihubiri kasi: risasi nyepesi, mbio sana, nishati juu. Mwaka 1946, John Nosler alikuwa anawinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu kule Kanada, amejipaka matope ngozi nzima. Bunduki yake ilikuwa na nishati ya kutosha na zaidi, lakini risasi zake zilipasuka juujuu zisiingie ndani. Alirudi nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta katikati, nusu ya mbele ichanue kama uyoga, nusu ya nyuma ibaki nzima iendelee na safari. Mwaka 1948 akaanza kuiuza. Hadi leo mafundi wa risasi wanafanya kazi hiyohiyo kwa namna mbalimbali: risasi inayochanua kwa simba mwenye mwili mwembamba, risasi isiyochanua kabisa kwa tembo, na kwa nyati wengi huanza na ya kwanza wakafuatisha ya pili.

(Risasi inayochanua ilikatazwa vitani na Azimio la The Hague la 1899. Kwa binadamu ni ukatili, kwa simba ni ubinadamu. Nimeufikiria mgongano huo mara nyingi na sijauona kuwa mgongano kweli, kwa sababu vitani mtu akijeruhiwa lengo limetimia, porini mnyama akijeruhiwa ndipo kosa linapoanza. Lakini siwezi kusema unaniacha na raha.)

Hapa lazima nizungumzie maji. Huwezi kuandika kuhusu risasi ukiwa Njinjo ukayaruka maji. Kaskazini yetu, ng'ambo ya vilima vya Umatumbi, ndiko Ngarambe alikokaa Kinjikitile Ngwale na dawa yake. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya Mjerumani. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Mwezi huohuo boma la Liwale, mwisho wa barabara hii inayopita Njinjo, likaangushwa. Wasomaji wa fasihi wanamjua mganga huyu zaidi kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, na wengi husahau kwamba Hussein mwenyewe alizaliwa Kilwa, mwaka 1943. Hakuwa anaandika juu ya nchi ya watu.

Ahadi ya maji tunaijua: risasi zitageuka maji. Tumecheka sana shuleni juu ya ahadi hiyo, na walimu wetu wakacheka nasi. Lakini ukiingia maabara wanakopima risasi leo utakuta wanazifyatua kwenye gelatini, sehemu moja gelatini na sehemu tisa maji, kwa sababu mwili wenyewe kwa sehemu kubwa ni maji. Miaka ya 1980 daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, Martin Fackler, alitumia matofali hayo kuonyesha kwamba risasi inatengeneza matundu mawili. La kwanza ni la kitambo, mwili unavutika na kurudi kama mpira. La pili ni la kudumu, nyama iliyokwisha kusagwa. Nishati kubwa huonekana vizuri kwenye tundu la kwanza, na kwenye picha linatisha kweli. Mapafu na misuli huvumilia kuvutwa, na mara nyingi tundu la pili ndilo linaloua. Risasi nyepesi ya kasi sana ikikutana na maji inapasuka vipande ndani ya sentimita chache. Ile nzito ya taratibu inaendelea.

Wapiganaji wa Majimaji walikutana na ile nzito ya taratibu. Askari wa Mjerumani walikuwa na Mauser za modeli ya 1871, risasi nene zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, pamoja na bombom. Wao walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Na kwa nini magobore? Kwa sababu miaka kumi na tano nyuma, mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalisaini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo, pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa, ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika wa ukanda huu, huku ukiacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Yaani za zamani ruhusa, zinazolenga sawasawa marufuku.

Naomba ukae na jambo hilo kidogo, maana mimi ndilo lililonifanya niandike. Maadili ya uwindaji kama yanavyoandikwa na kufundishwa yanasema mnyama auawe kwa risasi moja, haraka, bila mateso. Ni maadili mazuri. Ila yanahitaji bunduki inayopiga unapolenga na risasi inayofika ndani. Vitu hivyo mwafrika wa Kilwa alinyimwa kwa mkataba wa kimataifa, kisha kwa sheria za Mjerumani, kisha za Mwingereza. Akabakiwa na gobore na nondo. Halafu akaambiwa ni katili kwa sababu wanyama wake wanakufa polepole.

Baada ya vita Mjerumani alichoma vyakula, njaa ikamaliza waliobakizwa na bombom. Serikali yake ilikadiria waliokufa ni 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee wa huku, alisema 250,000 hadi 300,000. Mashamba yakarudi pori, tembo wakaingia palipokuwa na vijiji. Mwingereza akalikuta pori na mwaka 1922 akalipa jina la Selous. Akalipanua baadaye, na miaka ya 1940 akawahamisha watu wa upande wa Liwale kwa sababu ya malale. Aliyesimamia sehemu kubwa ya kazi hiyo ni C. J. P. Ionides, aliyejiunga na Idara ya Wanyama mwaka 1933. Wenyeji walimwita Bwana Nyoka kwa mapenzi yake ya kukamata nyoka, na amezikwa ndani ya hifadhi, mlima Nandanga. Tembo walikula mihogo ya watu, na Idara ikawa inawaua tembo kwa maelfu miaka ile kulinda mashamba. Waliofanya kazi ya kuvuta kifyatulio kwa sehemu kubwa walikuwa askari weusi, Wangindo na Wamatumbi na wengineo, waliopewa bunduki ya serikali na risasi za kuhesabiwa.

Mmoja wa kizazi kilichofuatia bado yupo Njinjo. Aliingia kazini miaka ya 1960, akafundishwa na wazee waliokuwa na Bwana Nyoka. Nilikwenda kumwona na baba mdogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu ndo yule wa magazeti?"

Nilimuuliza habari za jouli. Nikamweleza vizuri, kwa Kiswahili, nusu uzito mara kasi mara kasi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sisi tulikuwa na four-o-four," akasema. "Bunduki nzito, haina haraka. Risasi unapewa tano, unarudi na maganda matano na maelezo. Ukirudi na maganda matano na tembo mmoja, bwana nyama anakuuliza, ulikuwa unawinda au unapiga ngoma?"

Kisha akanifundisha kile ambacho yule bingwa wa Dar hakunifundisha. Usimtazame mnyama, tazama kilichomo ndani yake. Nyati moyo wake uko chini kuliko unavyodhani, kwenye theluthi ya chini ya kifua, juu ya mguu wa mbele. Ukilenga katikati ya mwili umepiga tumbo, na umejitafutia msiba. Ukishapiga usikimbilie, sikiliza. Ukiona damu ya waridi yenye povu, hayo mapafu, hatakwenda mbali. Damu nyeusi nzito ni ini, mpe muda. Ukiona damu ina majani na uchafu, ni tumbo, hapo mwite mwenzako na msilale nyumbani mpaka mmempata. "Hata siku tatu?" nikauliza. "Hata siku tatu. Mnyama uliyemjeruhi ni wako. Huwezi kumwachia mtu mwingine akutane naye."

Baba mdogo alikuwa anatazama chini.

Sheria ya Tanzania ya sasa, ile ya mwaka 2009, haiko mbali na mafundisho ya mzee yule. Aliyemjeruhi mnyama wa hatari anapaswa kumfuatilia na kutoa taarifa, na kwenye uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kana kwamba ameuawa. Mgeni atalipa, atapanda ndege. Pesa inakwenda inakokwenda. Ila nyati hajui kwamba amelipiwa. Yuko pale kwenye matete, na anayepita kwa miguu asubuhi kwenda shamba la ufuta hakuwepo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo kwa mwanakijiji, mjadala wa nishati dhidi ya upenyaji si wa wazungu wenye pesa peke yao. Risasi isiyofika ndani itamrudia yeye, awe ameipiga tajiri wa Texas au jirani yake mwenye gobore.

Na wala sisemi jirani apewe .375. Miaka ya majangili imetufundisha silaha bora zinaweza kufanya nini zikikosa mzee wa kuhesabu maganda. Mwaka 1976 tembo wa mfumo wa Selous walikadiriwa karibu 110,000, na mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Wengi hawakuuawa kwa magobore. Waliuawa kwa bunduki za kivita, ambazo risasi moja ina jouli elfu mbili tu, lakini magazini inabeba thelathini na hakuna anayejali ya ngapi imefika.

Nilipomrudishia baba mdogo kipande chake nilimwambia uzito wake. Akakigeuzageuza kiganjani.

"Gramu thelathini na moja," akarudia. "Huyo sonara alikutoza?"

Nikamwambia hapana, alipima bure.

"Basi vizuri," akasema, akakitia kwenye kikopo, akafunga, akaniomba nikirudishe juu ya kabati maana yeye kunyanyuka kwa ule mguu ni kazi.